Mwamuzi na Tafsiri ya Sheria: Kandanda Katika Mtaa wa Kamenge

Utangulizi

Neno "tafsiri" hubeba maana mbili katika lugha yetu. Ya kwanza ni kuyahamisha maneno kutoka lugha moja kwenda lugha nyingine. Ya pili ni kuyafunua makusudio ya maneno yaliyokwisha kuandikwa, kama wafanyavyo wanazuoni mbele ya kitabu kitakatifu, au mahakimu wanapoliweka shauri karibu na kifungu cha sheria na kuuliza kama viwili hivyo vinaoana. Sisi walimu wa Kiswahili twazifundisha maana zote mbili. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba yuko mtu mwingine azitumikiaye zote mbili kwa wakati mmoja, tena hadharani, bila kupewa hata dakika moja ya kufikiri. Mtu huyo ni mwamuzi wa kandanda.

Tumeuchagua mtaa wa Kamenge, kaskazini mwa mji wa Bujumbura, kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo sheria za mchezo husomwa kwa Kifaransa, ubishi hufanywa kwa Kirundi, na kelele za watazamaji huchanganya Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Pili, ni mtaa uliopitia moto na damu, kwa hiyo swali la haki kiwanjani halikuwa huko swali la mchezo peke yake. Ni nini kinachowafanya vijana 22, wenye damu inayochemka, wamtii mtu mmoja ambaye silaha yake ni kipenga? Wako wasemao kwamba ni kitabu cha sheria; wako wasemao kwamba ni adhabu. Tukiifuata historia tutaona kwamba majibu hayo mawili hayatoshi.

Asili ya mwamuzi

Sheria za kandanda ya leo ziliandikwa mjini London mwaka 1863. Tarehe 26 Oktoba ya mwaka huo wajumbe wa klabu kadhaa walikutana katika nyumba iitwayo Freemasons' Tavern wakaunda chama chao, na kufikia Desemba walikuwa wamekubaliana juu ya sheria 13. Ubishi mkali ulizuka juu ya jambo moja: je, mchezaji aruhusiwe kumpiga mwenzake teke la mguu ili amzuie? Walio wengi wakakataa, na klabu ya Blackheath ikajitoa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika sheria zote 13 hamna mahali palipotajwa mwamuzi. Watungaji wake walijiona kuwa waungwana, na waungwana hawakuhitaji kuchungwa. Likitokea jambo, manahodha wawili wangelimaliza kwa mazungumzo.

Uungwana huo haukudumu. Kadiri mashindano yalivyoongezeka na watazamaji walivyojaa, ndivyo manahodha walivyoshindwa kupatana. Kufikia miaka ya 1870 ukaenea utaratibu wa kuwa na waamuzi wawili, kila timu ikileta wake. Hapo msomaji atakumbuka methali yetu: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kila mmoja aliivuta ngozi upande wa timu yake. Basi mwaka 1881 sheria zikamtambua mtu wa tatu, ambaye wale wawili walimpelekea jambo walipotofautiana. Neno la Kiingereza alilopewa, ambalo kwetu limekuwa "refa", lina maana ya mtu ambaye shauri hupelekwa kwake. Refa huyo alikaa nje ya mstari akingoja kuulizwa. Mwaka 1891 ndipo alipoingizwa ndani ya kiwanja na kupewa mamlaka yote, na wale wawili wakasogezwa pembeni wakawa washika vibendera. Mwaka huohuo ndipo mkwaju wa penalti ulipoanzishwa.

Katika miaka hiyo ya mwanzo palikuwa na ada nyingine: uamuzi haukutolewa mpaka wachezaji walalamike. Asiyelalamika hakupewa kitu. Yaani mwamuzi alifanana na kadhi, ambaye hatoki barazani kwenda kutafuta kesi. Baadaye tu ndipo alipotakiwa aone na aamue mwenyewe.

Historia hiyo yatufundisha kwamba mwamuzi hakuletwa na sheria, bali na kukosekana kwa imani. Sheria zilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni mtu ambaye pande zote mbili zingemwamini kwamba anakisoma kitabu kilekile kwa sauti ileile.

Maneno ya kwetu

Kiswahili kina maneno mawili kwa kazi hii. "Refa" limetoka Kiingereza kama tulivyoeleza. "Mwamuzi" latokana na kitenzi "amua", na kitenzi hicho kina mizizi ambayo wanafunzi wetu wengi wameisahau. Kuamua ni kukata shauri. Lakini vilevile ni kuwaachanisha watu wanaopigana. Mzee apitaye njiani akawakuta vijana wameshikana mashati, akaingia kati akawatenga, huyo amewaamua, hata kama hakusema neno lolote juu ya mwenye haki. Kwa hiyo mwamuzi ni yule asimamaye katikati, mwili wake ukiwa ukuta kati ya hasira mbili. Atazamaye mchezo wenye ukali ataona kwamba maana hiyo ya kale ingali hai.

Wenyeji wa Burundi nao wana neno lao zito, ingawa si la mchezo. Mzee mwenye kuaminiwa kusuluhisha magomvi ya majirani huitwa kwa Kirundi "umushingantahe", maana yake mwenye kuisimika fimbo ya haki. Fimbo hiyo ni "intahe". Mtu hakupata cheo hicho kwa kuzaliwa tu wala kwa mali. Jamii ilimtazama kwa muda, ikaupima ukweli wake na uwezo wake wa kuhifadhi siri, kisha ikamsimika mbele ya watu wote. Utawala wa kikoloni, na baadaye serikali za jamhuri, ulidhoofisha nguvu ya wazee hao, lakini kumbukumbu yao haikufutika. Burundi, basi, haikulipata kutoka London wazo la mtu wa katikati. Kipya kilikuwa kipenga, na kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya mbali.

Kandanda chini ya wakoloni

Mpira uliingia Afrika Mashariki kwa njia ya shule, bandari na kambi za askari. Kisiwani Unguja, wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani walikuwa wakiucheza tangu mwishoni mwa karne ya 19. Huko na kwingineko watawala waliamini kwamba mchezo utamfundisha Mwafrika utii: akiitikia kipenga kiwanjani, ataitikia amri ofisini. Lakini wachezaji walijifunza jambo jingine pia. Walijifunza kwamba sheria iliyoandikwa humfunga hata aliyeileta. Mtu aliyekisoma kitabu aliweza kumwambia mkubwa wake, "Hivi sivyo ilivyoandikwa."

Mfano mmoja watoka Brazzaville. Mwaka 1936 wakuu wa kikoloni wa Kifaransa waliagiza kwamba wachezaji wa Kiafrika wacheze bila viatu. Katika sheria za mchezo hakuna kifungu kinachomnyima mtu viatu kwa sababu ya rangi yake. Wachezaji waliona tusi lililomo ndani ya agizo hilo wakapinga. Hawakuikataa sheria, walikataa amri iliyovaa nguo za sheria. Huo ni ufahamu wa tafsiri katika maana yake ya pili, nao ulijidhihirisha katika miguu mitupu.

Mji wa Bujumbura, uliokuwa ukiitwa Usumbura, ulianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kiswahili kilikuwa kimefika tayari pamoja na wafanyabiashara waliotoka Ujiji, na Wajerumani wakakitumia katika utawala wao. Wabelgiji walipouchukua mji mwaka 1916 walikipendelea Kifaransa, na katika shule za misheni Kirundi kilipewa nafasi. Hata hivyo Kiswahili hakikuondoka. Kilibaki sokoni, bandarini na katika mitaa ya mji, hasa Buyenzi, kikaenea hadi mitaa iliyokua baadaye upande wa kaskazini, Kamenge ikiwa mojawapo. Wako waliokidharau. Katika vinywa vya baadhi ya watu jina la Mswahili lilikuwa karibu sawa na jina la mjanja au mwongo. Tutaliona jambo hili tena mbele.

Shirikisho la kandanda la Burundi lilianzishwa mwaka 1948, na likaingia katika FIFA mwaka 1972. Kitabu cha sheria kikafika kwa Kifaransa, na waamuzi wakafunzwa kwa lugha hiyo. Hata leo ndivyo ilivyo, na hata Kifaransa chenyewe ni tafsiri, kwa kuwa baraza la sheria za mchezo, lililoundwa mwaka 1886, limeweka kanuni kwamba matini za lugha mbalimbali zikitofautiana, ile ya Kiingereza ndiyo ifuatwe. Vipimo navyo vimetafsiriwa. Ukuta wa walinzi hurudishwa nyuma mita 9.15, hesabu isiyo na uzuri wowote, kwa sababu ni yadi 10 za Kiingereza. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 kwa sababu ni yadi 8 kwa futi 8. Mwalimu anayehesabu hatua 10 katika kiwanja cha shule, bila kuzijua desimali hizo, amerudi kwenye matini asilia bila kukusudia.

Lugha inapokosekana

Uko ushahidi mashuhuri wa hasara iletwayo na kukosa lugha ya pamoja. Tarehe 23 Julai 1966, katika uwanja wa Wembley, Uingereza ilicheza na Ajentina katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mwamuzi alikuwa Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Nahodha wa Ajentina, Antonio Rattín, alimfuata mara kwa mara akimsemesha, na mwamuzi akamtoa nje. Mwamuzi hakujua Kihispania, nahodha hakujua Kijerumani. Rattín alikataa kuondoka, akisema kwamba alichotaka ni mkalimani, na mchezo ukasimama kwa dakika kadhaa. Afisa wa waamuzi, Mwingereza Ken Aston, alipokuwa akirudi nyumbani baada ya mchezo huo alizitazama taa za barabarani, akapata wazo: rangi ya njano kuonya, rangi nyekundu kusimamisha. Kadi hizo zikatumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Meksiko mwaka 1970.

Kadi, basi, ni neno lisilohitaji mkalimani. Lakini yafaa tuone mpaka wake. Kadi humwambia mchezaji kwamba ameadhibiwa. Haimwambii kwa nini. Rangi hutangaza hukumu bila kutoa sababu, na hukumu isiyo na sababu ni mbegu ya ugomvi mwingine. Ndiyo maana, pamoja na kadi zote, mwamuzi bado anahitaji maneno.

Maneno matatu

Kiswahili cha kandanda kimekuzwa zaidi na watangazaji wa redio na watazamaji kuliko na kamati za istilahi. Tuchunguze maneno matatu yanayotumika sana Tanzania, tukiyalinganisha na sheria yanayoieleza.

La kwanza ni "kuotea". Kifaransa husema "hors-jeu", yaani nje ya mchezo. Kiswahili kimechagua kitenzi chenye maana ya kuvizia, kama chui amwoteavyo swala. Neno hili laeleza nia ya sheria kwa uzuri mkubwa. Mwaka 1863 mchezaji yeyote aliyekuwa mbele ya mpira hakuruhusiwa kuucheza. Mwaka 1866 ilitosha kuwe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 idadi ikapunguzwa kuwa wawili. Na mwaka 1990 ikakubaliwa kwamba aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho hana hatia. Namba zimebadilika, lakini kusudi limekuwa moja: mtu asipate goli kwa kuvizia nyuma ya migongo ya watu. Isitoshe, neno letu lasaidia kueleza jambo linalowakosesha watazamaji wengi. Kusimama mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kushiriki mchezo, au kumbughudhi mpinzani, ukiwa mahali hapo. Chui aliyelala kichakani bila kumgusa mtu hajashtakiwa. Vilevile hakuna kuotea mpira unapotoka katika kurushwa, kona, au teke la goli, na mwanafunzi asiyejua hivyo atamlaani mwamuzi bure.

La pili ni "kunawa". Mchezaji akiugusa mpira kwa mkono, mtangazaji husema ameunawa. Katika viwanja vya Bujumbura kelele inayosikika ni neno la Kifaransa "main", yaani mkono. Tofauti yake ni kubwa. Neno "mkono" lataja kiungo tu. Kila mpira unapougusa mkono, mwenye kupiga kelele ana haki ya kulisema. Lakini "kunawa" ni tendo. Hakuna mtu anayenawa bila kutaka. Sheria nayo haikatazi kila mguso. Yamkataza mchezaji kuugusa mpira kwa makusudi, au kuutanua mwili wake kwa mkono kwa namna isiyo ya kawaida, na yamnyima goli mfungaji ambaye mpira umetoka mkononi mwake, hata kama hakukusudia. Kwa kiasi kikubwa, basi, Kiswahili kimeikaribia sheria kuliko Kifaransa cha watazamaji. Walakini kile kifungu cha mfungaji hakimo ndani ya neno "kunawa", na mwalimu hana budi kukieleza peke yake. Neno zuri husaidia, lakini halichukui nafasi ya kitabu.

La tatu ni "kupeta". Mchezaji akianguka, wenzake wakainua mikono, na mwamuzi akaashiria mchezo uendelee, watangazaji husema mwamuzi amepeta. Kupeta ni kazi ya ungo: kurusha nafaka juu, makapi yaondoke, punje zibaki. Neno hili hutumika kwa mambo mawili ambayo sheria huyatenganisha. Mara nyingine mwamuzi hakuona kosa. Mara nyingine ameliona, lakini ameacha mchezo uendelee kwa sababu aliyekosewa angali na nafasi nzuri, na kumsimamisha kungekuwa ni kumwadhibu mara mbili. Jambo hili la pili huitwa kanuni ya faida, na faida hiyo isipopatikana katika sekunde chache, mwamuzi aweza kurudi kwenye kosa. Mwamuzi aliye hodari huvitenganisha viwili hivyo kwa ishara na kwa sauti. Asipofanya hivyo, aliyepigwa teke hudhani hakuonekana, na asiyeonekana hutafuta haki yake mwenyewe.

Msomaji ameona sasa kwamba mwamuzi wa Bujumbura hufanya tafsiri mbili kwa pumzi moja. Hupima tendo kwa sheria, kisha huihamisha sheria kutoka Kifaransa hadi lugha ya yule aliyesimama mbele yake akihema.

Kamenge katika miaka ya moto

Kamenge iliijua siasa ya damu mapema. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na Januari 1962, kabla ya uhuru wa Julai 1 mwaka huo, vijana wenye siasa kali waliushambulia mtaa huo na viongozi wa wafanyakazi wakauawa. Miaka mingi baadaye, Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, nchi nzima iliingia vitani, na mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura ikagawanyika kwa kabila. Kamenge na Kinama zikabaki na Wahutu, Ngagara na Watutsi. Mwezi Juni 1995 jeshi liliingia Kamenge na maelfu ya wakazi wakakimbia. Nyumba zilibomolewa, na vichaka vikaota mahali palipokuwa na watu.

Hapa hatuna budi kusema ukweli usiopendeza sisi walimu wa lugha. Walioviziana katika miaka hiyo walizungumza lugha moja. Mhutu na Mtutsi wote husema Kirundi, na wengi wa Bujumbura husikilizana kwa Kiswahili pia. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba vita vilitokana na kutoelewana kwa maneno. Kusikilizana kwa ulimi si kusikilizana kwa moyo. Lugha ya pamoja ni sharti la haki, lakini si haki yenyewe.

Kabla tu ya vita hivyo, mapadri Waitalia wa shirika la Wasaveri walikuwa wameanzisha Kamenge kituo cha vijana, Centre Jeunes Kamenge. Kiliwekwa hapo kwa ajili ya vijana wa mitaa yote ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Buterere na Gihosha. Ndani yake mlikuwa na viwanja vya michezo, maktaba, masomo na muziki. Kituo kiliendelea kuwapokea vijana wa pande zote katika miaka ambayo kuvuka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine kulikuwa kujihatarisha. Katika kambi za kazi, vijana hao walishiriki pia kuzijenga upya nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Fikirieni uzito wa kipenga mahali kama hapo. Kwa kawaida teke ni teke: mwamuzi hulipima kama ni la uzembe, la kutojali hatari, au la nguvu iliyopita kiasi, naye hutoa adhabu ipasayo. Lakini anayepiga akitoka mtaa ambao nyumba za anayepigwa zilichomwa na watu wake, teke huacha kuwa teke tu. Kila mtazamaji ana tafsiri yake tayari kabla mpira haujasimama. Na kabla ya mchezo kuanza huulizwa swali lilelile lililowasumbua Waingereza wa miaka ya 1870: huyu mwamuzi ni wa upande gani? Kesi ya nyani hapelekewi ngedere.

Mwamuzi hana jibu la maneno kwa swali hilo. Akisema, "Mimi sina upande," hakuna atakayemwamini. Jibu lake ni kipenga cha pili. Kosa la kwanza huliadhibu kwa kijana wa Ngagara. Likifanywa kosa lilelile na kijana wa Kamenge, naye akaliadhibu vilevile, kwa umbali uleule na rangi ileile ya kadi, ndipo watu wanapoanza kuona kwamba kuna kitu kisichotazama uso. Kwa vijana waliokulia katika nchi ambamo mauaji mengi hayakupata hakimu, hicho ni kitu kigeni. Huenda kwa baadhi yao kiwanja kilikuwa mahali pa kwanza walipoiona sheria ikiwafuata pande zote mbili kwa mwendo mmoja.

Hatusemi kwamba mpira ulimaliza vita. Vita vya Burundi vilimalizwa kwa mazungumzo marefu: Mapatano ya Arusha yalitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na mapigano yakaendelea kwa miaka kadhaa hata baada ya hapo. Tunachosema ni kidogo zaidi. Sheria haiaminiwi kwa kusomwa bali kwa kuonekana ikitumika, na kiwanja cha Kamenge ni mahali ambapo ilionekana.

Na lile jina la Mswahili kuwa jina la ujanja? Ni haki kulitaja tena hapa. Lugha iliyodharauliwa kuwa ya walaghai ina neno "mwamuzi", lenye maana ya kuwatenga wanaopigana. Ina neno "haki", ina neno "kunawa" linalotofautisha nia na ajali. Lugha haina ulaghai wala ukweli wa kuzaliwa nao. Hupata sifa kutokana na kazi tunazoipa.

Matunda na mafunzo

Burundi imetoa waamuzi waliofika mbali. Jean-Claude Birumushahu alikuwa miongoni mwa waamuzi wasaidizi wa Kombe la Dunia la Brazili mwaka 2014 na la Urusi mwaka 2018. Katika nchi jirani ya Rwanda, Salima Mukansanga alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mchezo wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, mwezi Januari 2022, na mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuteuliwa kuwa waamuzi wa kati katika Kombe la Dunia la wanaume. Walikotoka, maneno ya sheria hayakuwa maneno ya nyumbani.

Lakini mwamuzi wa kwanza ambaye kijana hukutana naye si wa FIFA. Ni mwalimu wake wa sekondari, aliyekabidhiwa kipenga kwa sababu hakuna mwingine, katika kiwanja ambacho mistari yake imefutwa na mvua. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki hukutanisha vijana waliofundishwa kwa Kiingereza na waliofundishwa kwa Kifaransa, na huko Kiswahili ndicho mara nyingi hubaki kuwa daraja. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kimepewa nafasi katika shule zake. Basi kazi hii yatuhusu sisi.

Yafaa tufanye mambo matatu. La kwanza, tuwape wanafunzi orodha ya istilahi za mchezo kwa Kifaransa na Kiswahili bega kwa bega, wazilinganishe kama tulivyofanya hapa, waone neno lipi laikaribia sheria na lipi laipotosha. La pili, tuwafundishe kuandika ripoti ya mwamuzi. Ripoti hiyo hutaja dakika, mahali, mtendaji, tendo na hatua iliyochukuliwa, wala haina "nadhani" wala matusi. Sijui zoezi bora zaidi la kumfunza kijana kutofautisha alichokiona na anachokichukia. La tatu, tumzoeze nahodha kuuliza sababu kwa adabu, na mwamuzi kuitoa kwa sentensi moja. Katika mashindano ya mataifa ya Ulaya ya mwaka 2024 ulitumika utaratibu kwamba nahodha peke yake ndiye amwendee mwamuzi kuuliza. Baada ya zaidi ya miaka 160 mchezo umewarudia manahodha wa mwaka 1863, safari hii si ili waamue, bali ili wasikilize.

Hitimisho

Tuliuliza ni nini kinachowafanya vijana 22 wamtii mtu mmoja mwenye kipenga. Kitabu peke yake hakikuwatosha hata waungwana wa London, na adhabu peke yake haiwezi kumtuliza aliyekwisha kupoteza nyumba. Hutii pale wanapoamini kwamba maneno yaleyale yana maana ileile kwa upande wao na kwa upande wa wenzao. Kuyalinda maneno yabaki na maana moja kwa watu wote ni kazi ya mwamuzi kwa muda wa dakika 90. Kwa mwalimu wa lugha ni kazi ya maisha yake yote.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi tuongeze kwamba mtu hukubali kushindwa kwa moyo mweupe pale tu alipoelezwa, kwa lugha anayoijua, sheria iliyomshinda.